Kaka Bakari, mwacheni Zuhura

Kaka Bakari,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi huku Milano sijambo, hofu ni kwenu. Baridi imeshaingia, ila Mama mwambie koti ninalo, tena zito.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Bati umelitaja mara moja, yaliyobaki ni Zuhura tu: kaaibisha ukoo kwenye harusi ya Mwanahamisi, kagoma kupanda jukwaani kuimba mpaka alipwe, wageni wamebaki wanatazamana. Ukamalizia kwamba mwanao siku hizi anajifanya prima donna. Kaka, hilo neno ni la Kiitaliano, mimi naishi kwao, na nyie mnalitumia vibaya.

Prima donna ni mwanamke wa kwanza, basi. Kilikuwa cheo cha kazi. Opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ilianzia kwenye majumba ya wakubwa wa Florence mwishoni mwa miaka ya 1500, wakialikana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1637 Venice wakafungua San Cassiano, ukumbi wa kwanza wa kulipa kiingilio, na mtu akilipa anataka sauti fulani. Huko ndiko mwimbaji Anna Renzi alikopata umaarufu, katika wa mwanzo kabisa kuitwa prima donna. Kundi likawa na mwanamke wa kwanza, wa pili wake, na mwanamume wa kwanza, ambaye mara nyingi alikuwa amehasiwa utotoni ili sauti isivunjike. Idadi ya nyimbo za kuimba peke yako ilikwenda kwa cheo. Na Roma, chini ya Mapapa, wanawake walikatazwa jukwaa kabisa, hao waliohasiwa ndio wakaimba hata nafasi za kike. Sasa mwanamke aliyeipata nafasi ya kwanza kwenye dunia ile, ulitaka aiachie kwa heshima ya nani?

Sifa mbaya wamepakwa na wengine. London, mwaka 1727, Francesca Cuzzoni na Faustina Bordoni waliimba opera moja. Mashabiki wa huyu wakamzomea yule, miluzi na matusi, mke wa mrithi wa ufalme amekaa pale pale, mpaka onyesho likavunjika. Vijarida vikaandika kwamba waimbaji ndio waliorukiana. Fujo wafanye wenye viti, jina lichafuke la mwanamke!

Halafu mwimbaji Adelina Patti. Miaka ya 1880 kule Marekani alichukua dola 5,000 kwa usiku mmoja, na alizitaka mkononi kabla hajafungua kinywa. Wakamwita mwenye tamaa, na huku tiketi wameuza kwa jina lake. Kaka, kwenye kadi ya harusi jina la Zuhura lilichapwa na nani? Mpiga ngoma kalipwa, mwenye spika kalipwa, mpishi kalipwa. Mtoto wa nyumbani ndiye aimbe kwa shukrani?

Bibi ninayemtunza hapa ana santuri za Maria Callas, na kabla ya kuiweka moja huipangusa kwa kitambaa cha hariri, polepole, kuanzia katikati kwenda nje. Tarehe 2 Januari 1958, Roma, Callas aliimba opera ya Norma mbele ya Rais wa Italia, Gronchi, akaondoka baada ya sehemu ya kwanza. Alikuwa mgonjwa, sauti inamkatika. Magazeti yakamrarua. Hadi leo bibi huyu akiisimulia habari hiyo mikono inamtetemeka kwa hasira, nami namuelewa, maana nimemsikia Zuhura akilia kwenye simu.

Tena jua kwamba La Scala, ukumbi mkubwa wa opera wa hapa Milano, nimeingia. Ndiyo, La Scala yenyewe! Juu kabisa, wanakoita loggione, wanakokaa wale wanaojua opera kwa moyo na kumzomea mwimbaji bila huruma akikosea. Picha nimemtumia wifi. Kwa watoto wa Mzee Salimu, mimi ndiye wa kwanza. Lakini yule mama alipoipandisha sauti taratibu hadi juu kabisa, nilimkumbuka Bi Mkubwa, Mungu amrehemu, barazani na redio yake ya taarabu, akituambia tunyamaze. Nililia, kaka. Tanga ilinijia yote.

Hela nimetuma jana. Ya bati ni ya bati, isiende tena kwenye pikipiki ya Athumani kama ile ya madirisha. Juu yake nimeongeza ya Zuhura, ujira wake wa harusi. Mpe mkononi, mbele ya Mama, na mwambie imetoka kwako. Ijumaa nitampigia nimuulize.

Wasalimie wote, na Mama Mdogo aache kununa.

Mdogo wako,
Saida