Kwa shangazi yangu wa Sikonge: kuhusu kipimo cha mionzi kwenye damu

Shangazi, shikamoo. Natumaini uchovu uliorudi nao kutoka Mwanza, ulikotibiwa saratani kwa mionzi, unaendelea kupungua. Umeniruhusu nikujibu hadharani bila kutaja jina lako, kwa kuwa swali lako ndilo ninaloulizwa mara nyingi pale dirishani, maabara, na kina mama wengine wa Tabora waliomaliza matibabu ya mionzi: je, kuna kipimo kinachoonyesha damu imeharibiwa kiasi gani, na kama kipo, je, inafaa kutafuta fedha ukakifanye?

Kipimo kipo. Nitakueleza kinavyofanyika, kisha nitakueleza kwa nini sikushauri uuze hata debe moja la asali kwa ajili yake.

Mionzi inapopita mwilini hukata nyuzi za vinasaba zilizomo ndani ya seli. Dozi ya grei moja (grei ni kizio cha kupimia mionzi iliyoingia mwilini) huacha katika kila seli mikato kati ya 20 na 40 ya ile mibaya zaidi, ambayo hukata nyuzi zote mbili kwa pamoja. Seli hujitahidi kuiunga, na mingi huungwa ndani ya saa 24. Tatizo hubaki kwa ile michache inayoungwa vibaya. Wapimaji hutumia limfosaiti, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu, kwa sababu huzunguka mwili mzima, hupatikana kwa sindano moja tu, na nyingi huwa zimetulia bila kugawanyika, hivyo kasoro zake hubaki zilivyo hadi zitakapochokozwa.

Kuzichokoza ndiyo kazi yenyewe. Damu huoteshwa kwa saa 48 katika nyuzijoto 37, pamoja na kitu kinachotolewa kwenye maharage mekundu, ambacho Peter Nowell wa Marekani alieleza mwaka 1960 kwamba huzifanya limfosaiti zianze kugawanyika. (Naam, maharage, kitu hicho hicho ndicho humsokota tumbo mtu aliyekula maharage yasiyoiva.) Baadaye huongezwa dawa ya kusimamisha mgawanyiko katikati, seli huvimbishwa kwa maji yenye chumvi hafifu, hudondoshwa juu ya slaidi ya kioo na kupakwa rangi ya Giemsa. Ukitazama kwa hadubini unaona kromosomu 46, yaani nyuzi za vinasaba zilizojikunja, za zambarau zilizotawanyika, kila moja kijiti chenye kiuno kimoja. Mpimaji anatafuta kijiti chenye viuno viwili, na karibu yake kipande kisicho na kiuno kabisa, maana hapo kromosomu mbili zilikatika, kisha zikaunganishwa zisivyopaswa. Kwa mtu ambaye hajapigwa mionzi, kasoro hiyo huonekana takriban mara moja katika seli 1,000, kwa hiyo mpimaji hana budi kupitia mamia ya seli, moja baada ya nyingine, na macho yake ndiyo yanayolipa gharama.

Zipo njia nyingine za haraka zaidi, kama kuhesabu viini vidogo vinavyoachwa nje ya kiini kikuu seli inapogawanyika, au kuwasha kwa rangi protini inayojikusanya penye mkato dakika chache tu baada ya mionzi. Sitazieleza zote, kwa sababu lililo muhimu kwako ni swali ambalo vipimo hivi viliundwa kulijibu.

Swali hilo ni hili: mtu huyu amepata dozi kiasi gani? Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, watu walifungua mashine ya tibamionzi iliyotelekezwa na kusambaziana unga wa sizimu, kitu chenye mionzi, bila kujua ni kitu gani. Watu 4 walifariki, na wataalamu walichukua damu ya wengine zaidi ya 100 ili wahesabu vijiti vyenye viuno viwili, kwani hakukuwa na daftari lolote la kuonyesha nani alipata kiasi gani. Wewe daftari unalo. Dozi yako ilipangwa kabla hujalala kwenye kitanda cha mashine, na imeandikwa kwenye faili kikao kwa kikao.

Tena ulipigwa nyonga peke yake, si mwili mzima. Limfosaiti zilizokuwa zikipita hapo mashine inapowaka ziliumia sana, na zile zilizokuwa mkononi au kichwani zikapona, kwa hiyo damu yako ni mchanganyiko ambao hata bingwa huusoma kwa tahadhari. Majibu yake hayawezi kukuambia kama saratani imekwisha. Watafiti wamejaribu pia kuyatumia kubashiri nani ataumia zaidi na matibabu, lakini majibu ya wanaoumia na ya wasioumia huingiliana mno kiasi kwamba hayatoshi kumhukumia mgonjwa mmoja.

Kuhusu wajukuu, nimesikitika kusikia unakula peke yako kwa kuogopa kuwaambukiza mionzi. Mionzi iliyotoka kwenye mashine haibaki mwilini, na chanzo cha mionzi kilichowekwa ndani ya mwili wako kilitolewa kabla hujatoka chumbani. Kasoro za limfosaiti haziambukizi kwa sahani wala kwa kumpakata mtoto, na nyingi kati ya seli hizo hufa zenyewe kadiri miaka inavyopita. Sitakuficha kwamba mionzi huongeza kidogo uwezekano wa saratani nyingine miaka mingi baadaye. Ndiyo maana kliniki ya marudio haiachwi, hata ukijisikia mzima.

Kipimo cha damu kinachokufaa sasa ni kile cha kawaida cha FBP (picha kamili ya damu), kinachohesabu seli nyeupe, chembe sahani na wingi wa damu. Hicho hufanyika hapa hapa mkoani. Yule bwana anayeuza dawa ya kusafisha mionzi kwenye damu usimpe fedha, maana hakuna mionzi iliyobaki ya kusafishwa. Ukiona damu ukeni au kwenye kinyesi, mguu mmoja ukivimba, au mkojo ukitoka kwa maumivu, usisubiri tarehe ya kliniki. Nipigie simu siku hiyo hiyo, uje na faili lako lote, pamoja na zile karatasi za Mwanza ulizofungia kwenye sanduku.

Mimi mwanao,
Tabora mjini