Mwanangu Salma, habari ya mzio wa kamba isemwe mapema

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako tumeusoma wote hapa nyumbani, na baba yako keshaurudia kwa kila jirani aliyepita barazani. Profesa kuwaalika wanafunzi wake wa maabara kwenye mgahawa wa Kifaransa hapo Tokyo si jambo dogo. Nimefurahi. Lakini umeeleza nguo, viatu na mtandio utakaovaa, na juu ya mzio wako wa kamba na kaa hukuandika hata neno. Umewaambia?

Ya nguruwe na pombe najua umeshasema, hayo huna haya nayo. Hili la mzio ndilo unaloliona kama kujidekeza.

Sikiliza, jiko la Kifaransa nalijua. Migahawa ya namna hiyo mara nyingi haina orodha ya kuchagua. Pale Quintessence, mgahawa wa mpishi Shuzo Kishida, mgeni hupewa karatasi tupu, na mpishi ndiye anayeamua kwa kile kilichokuja sokoni. Sahani zinakuja ndogondogo, pengine kumi, kwa muda wa saa mbili na nusu au tatu. Mbinu ni za Ufaransa, siagi, krimu na mchuzi uliokaushwa motoni hadi ukawa mzito, ila vinavyopikwa ni vya Japani, vya msimu uleule. Na msimu wenu ni Novemba! Kaa wa Bahari ya Japani, zuwai, huanza kuvuliwa tarehe 6 Novemba. Majike yake, yanayopendwa kwa mayai kuliko nyama, msimu wake huisha Desemba, kwa hiyo kila mpishi anayakimbilia. Sakura ebi, wale kamba wadogo wa waridi wa Ghuba ya Suruga, nao huvuliwa misimu miwili tu kwa mwaka, na mmoja ndio huo, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba. Hukaushwa, hata hupondwa wakawa unga wa kunyunyiza juu ya chakula. Kwa mtu kama wewe sijui kama kuna mwezi mbaya kuliko huo.

Usijidanganye kwamba utamwona kamba ukamsukuma pembeni ya sahani. Mfaransa hatupi ganda. Maganda na vichwa hukaangwa hadi vikawa vyekundu, vikatiwa vitunguu na nyanya ya kopo, vikachemshwa nusu saa au zaidi, vikapondwa, vikachujwa, ndipo krimu ikaingia. Hiyo ndiyo biski. Wapishi wa sasa hawaileti bakulini. Wanaikausha hadi ikabaki kijiko kimoja chini ya kipande cha samaki, au wanaipiga ikawa povu. Au maganda wanayalaza kwenye mafuta ya moto mdogo, wakapata mafuta ya rangi ya chungwa, wakadondosha matone mawili matatu juu ya kastadi ya mayai. Ukiona matone ya rangi hiyo ambayo hukuelezwa, weka kijiko chini. Wala usiniambie kwamba imechemka sana. Ile protini inayokudhuru, tropomiosini, haiharibiki kwa moto wa jikoni, na hutoka kwenye nyama ikaingia mchuzini.

Kuna mengine mawili ambayo hata mhudumu hodari husahau. Shirasu, vile vidagaa vyeupe, huja kwenye wavu mmoja na vijikamba na vijikaa vichanga. Mwani wa nori vilevile, ndiyo maana pakiti zake huko huwa na onyo. Pakiti, nasema. Sheria ya Japani inalazimisha vyakula vilivyofungashwa vitajwe kamba na kaa, pamoja na mayai, maziwa, ngano, soba (ngano nyeusi), karanga na jozi (zile njugu za walnut). Mgahawa haulazimishwi. Wakinyamaza hawajavunja sheria.

Kwa hiyo usimngoje mhudumu. Michuzi ya Jumamosi hupikwa Alhamisi na Ijumaa. Ukisema ukiwa umeshaketi, mpishi hana cha kukupa badala yake. Atakuondolea sahani nne ubaki na mkate na siagi, au mbaya zaidi, atakufutia mchuzi juu ya samaki yuleyule. Wengi huuliza habari ya mzio mtu anapoweka nafasi, lakini aliyeweka nafasi ni katibu wa profesa, naye kama hukumwambia amejaza "hakuna". Mwandikie leo. Awaeleze kwa Kijapani: ebi na kani, yaani kamba na kaa, pamoja na mchuzi wake, mafuta yake na unga wake, na chochote kilichokaangwa kwenye mafuta yaliyopitia kamba. Siku tatu kabla ya chakula aulize tena. Lile ombi la mvinyo liwe kwenye ujumbe huohuo, maana mpishi akinyimwa mvinyo hutafuta utamu pengine, na maganda yako karibu yake. Pweza unakula bila tatizo, alhamdulillahi. Awabi na konokono wengine wa baharini hujawahi kuwaonja, usiwajaribie huko.

Hutakosa raha kwa kusema. L'Effervescence, mgahawa wa Shinobu Namae hapo Tokyo, una sifa kwa tanipu tu, mboga ya mzizi, inayopikwa polepole kwa muda wa saa nne, kisha ikapitishwa kwenye siagi. Novemba ina chestnati, yuzu (jamii ya limau), uyoga, na samaki wa buri anayeanza kunona. Mpishi wa daraja hilo akipewa siku tatu atakupikia kitu wenzio watakitamani.

Sindano zako za adrenalini ziwe mbili, na utazame tarehe ya mwisho. Zisikae kwenye koti: mlangoni watalichukua koti walitundike, na usipoangalia na mkoba mkubwa pia. Tia kwenye kipochi kinachobaki nawe mezani. Mwenzako mmoja ajue zilipo na ajue kupiga 119. Ni upande wa nje wa paja, katikati, hata juu ya nguo. Vidonge vya kutuliza muwasho si badala yake. Ukishadunga, lala, usisimame ukakimbilia chooni kwa aibu. Na hospitali uende hata ukijisikia mzima, kwa kuwa hali huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Baba yako anasema kama unaona haya kusema mbele ya wakubwa, hukuzaliwa nayo. Sawa. "Mgeni hula alichowekewa" ilisemwa sana nyumba hii, na yeye hakuwa ndiye aliyeisema. Ila sikukusomesha hadi Japani uje ushindwe na neno moja la barua pepe.

Usijipake manukato mengi wala udi siku hiyo, wapishi wa huko hawapendi harufu inayoshindana na chakula. Bakshishi hawapokei. Fika kwa wakati, sahani ya kwanza haikungoji.

Friji la barafu limeharibika tena, fundi anasema ni compressa, kwa hiyo biashara ya barafu imesimama na umeme wa LUKU angalau umepumua. Pesa uliyotuma tumelipa ada ya shule ya Idi, iliyobaki nimenunua bati nane za banda la uani. Mpangaji wa chumba cha mbele anataka apunguziwe kodi. Nimemwambia asubiri hadi nizungumze nawe. Shangazi yako anataka umletee kisu cha Kijapani. Mimi naona kisu kimoja cha maana kingefaa kukaa jikoni kwangu.

Sasa niambie, katibu umemwandikia? Nitumie ujumbe aliojibiwa na mgahawa, hata kama ni Kijapani kitupu.

Mama yako,
Tanga