Viza Yangu, Viza ya Mama

Tanga, 8 Februari 2026

Somo yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi hatujambo, ila joto la mwezi huu linatutoa roho. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikikuna nazi, mara ya pili nimekaa kitako. Nikasema nikimjibu kwa sauti nitasahau nusu ya mambo, bora nimwandikie.

Umesema wakwe zako wamekodi nyumba Ureno mwezi wa nane, wanataka muwepo wote, wewe, shemeji na watoto. Na kwa kuwa ulisikia mimi nilipata viza ya Hispania bila kulipa hata senti, unataka nikuonyeshe njia. Naanza na habari mbaya ili tuimalize mapema: njia ile niliyopita mimi, wewe haikuhusu. Usininunie, ngoja nikueleze.

Wazungu wale wana sheria yao ya mwaka 2004. Raia wa nchi moja ya Umoja wa Ulaya akisafiri kwenda nchi nyingine ya Umoja huo, mke au mume wake anayefuatana naye hutolewa viza bure, tena haraka, na hahojiwi habari za mshahara wala benki. Kwenye fomu kuna maswali yenye alama ya nyota, hayo hatakiwi kuyajibu. Nilichotakiwa kuonyesha ni vitu vitatu: pasipoti ya mume wangu ya Kijerumani, cheti chetu cha ndoa ya bomani, na ushahidi kwamba tunasafiri pamoja. Basi. Lakini sikiliza kichekesho chake: ingekuwa likizo yenyewe ni Ujerumani, kijijini kwao mume wangu, sheria hiyo isingenigusa. Kule yeye anarudi kwao, haendi ugenini, kwa hiyo mimi ningehojiwa kama mtu mwingine yeyote. Yaani nyumbani kwa mume wangu ndiko ninakokuwa mgeni zaidi!

Sasa shemeji ni Mwingereza. Uingereza ilitoka kwenye Umoja tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha Desemba ya mwaka huohuo. Kabla ya hapo ungepita mlango niliopita mimi. Leo watoto wako, kwa pasipoti za baba yao, wanaingia Ureno bila viza, mradi wasizidishe siku 90 katika kila siku 180. Wewe mama yao unapanga foleni. Kama shemeji alipiga kura ya kutoka, hilo mwulize mwenyewe mkiwa chumbani, mimi simo. Ila muulize na jingine: hana bibi au babu aliyezaliwa Ireland? Waingereza wengi wanaye, na mwenye bibi wa namna hiyo anaweza kuomba uraia wa Ireland, ambayo bado imo ndani ya Umoja. Kwa Agosti hii haitawahi, huchukua miezi mingi, lakini mbele ya safari ingekufaa.

Kwa hiyo usiniulize habari ya viza yangu. Niulize habari ya viza ya Mama, maana hiyo ndiyo inayofanana na yako.

Unakumbuka mkwe wangu wa kike alivyompenda Mama siku ya harusi, wakakaa wanashikana mikono na hakuna anayejua lugha ya mwenzake vizuri. Basi mwaka jana wakwe walitimiza miaka 50 ya ndoa, wakakodi nyumba kisiwani Mallorca, Hispania, na mkwe akasema bila mama yako sherehe haijatimia. Mama hajawahi kupanda ndege. Tukamkatia pasipoti, shilingi 150,000, tukadhani kazi ngumu imekwisha.

Hapo ndipo tulipofanya kosa. Tukamkabidhi Mama kwa ajenti mmoja wa safari, simtaji, aliyesema yeye hao watu anawajua na wanamjua. Akajaza fomu. Kwenye muda wa kukaa akaandika siku 90, wakati sherehe nzima na mapumziko ni siku 12. Eti omba nyingi upewe chache. Akatushauri tumwingizie Mama hela benki akaunti inone, nasi bila akili tukaweka milioni tano siku mbili kabla ya kuchukua taarifa ya benki. Akaunti ambayo kila mwezi inaingia pensheni tu, ghafla imevimba kama andazi! Mimi mwenyewe ningekuwa dirishani ningeuliza.

Jibu likaja, karatasi ile ya kukataliwa yenye orodha ya sababu, wanaweka alama kwenye inayokuhusu. Ya Mama ilikuwa kwamba wana shaka kama ataondoka kabla viza haijaisha. Mama akavaa miwani, akaisoma taratibu, akasema, "Nimelipa kukataliwa?" Ndiyo Mama, ada ni euro 90 na hairudi. Akauliza tena, "Wanadhani nitakaa kwao nifanye nini? Michungwa yangu ataiangalia nani?"

Lakini kilichomchoma si hicho. Aliomba aone nakala ya fomu, na kwenye kazi ajenti alikuwa amejaza "mama wa nyumbani". Somo, unamjua Mama. Miaka 34 ya unesi. Nusu ya vijana wa Muheza wametua duniani mikononi mwake. Alinyamaza mpaka usiku, halafu akasema, "Nileteeni fomu mpya. Naijaza mwenyewe."

Waliomkataa sikuwalaumu, nakwambia kweli. Yule mwanamke aliyemo kwenye zile karatasi, hana kazi, hela zake zimeingia jana, anataka kukaa miezi mitatu, hata mimi ningemwogopa. Hakuwa Mama.

Mara ya pili tukamwandika Mama mwenyewe. Ukikataliwa si lazima ungoje, unaweza kuomba upya hata kesho, isipokuwa kupeleka karatasi zilezile ni kutupa hela. Tukachukua barua ya mfuko wa pensheni inayoonyesha anacholipwa kila mwezi, hati ya shamba la Muheza, na barua ya serikali ya kijiji. Ile milioni tano tukaitoa kwenye hesabu kabisa. Badala yake mume wangu akaandika barua kwamba nauli na gharama zote ni zake, akaambatisha taarifa yake ya benki ya miezi sita na nakala ya pasipoti. Mkataba wa nyumba wa Mallorca tukauomba uandikwe majina ya wageni wote, la Mama likiwemo. Mkwe akaandika barua ya ukurasa mmoja kueleza jubilei yao. Halafu Mama akakaa mezani na kalamu yake, akaandika kwa kile Kiingereza chao cha manesi wa zamani, kilichonyooka kama kitanda cha wodini: mimi ni fulani, nimestaafu mwaka fulani, naenda siku 12, narudi tarehe fulani kwa sababu nina shamba, nina wajukuu wanne na ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA. Hilo la VICOBA tulitaka kulifuta, akakataa. Nadhani ndilo lililowafanya waamini atarudi. Mtu anayeshika daftari la hela za wanawake thelathini hawezi kutoroka, watamfuata hukohuko.

Kidogo tukwame kwenye jina. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa jina lake limekosa herufi moja, tukaenda kwa wakili kula kiapo kwamba hao ni mtu mmoja. Angalia na vyeti vyako sasa hivi, usingoje.

Siku ya kupeleka tulitoka Tanga na basi la alfajiri. Dar tulifika kabla ya miadi, Mama kavaa gauni la kanisani. Ikaja zamu ya alama za vidole. Kidole cha kwanza, mashine kimya. Akafuta, akarudia, kimya. Karani alikuwa binti mpole, akampa kitambaa, akamwambia, "Mama, bonyeza kidogo." Mara nne. Mama akaitazama mikono yake, akamwambia yule binti, "Imekwisha kwa sabuni ya hospitali, mwanangu, na iliyobaki imekwisha kwa jembe." Yule binti akacheka, kisha akainamisha uso. Mara ya tano ikakubali. Alama hizo hukaa kwao miezi 59, ndani ya muda huo ukiomba tena kwa kawaida hawakusumbui vidole.

Viza ikatoka siku ya kumi na moja. Kuingia mara moja, siku zilezile alizoomba. Mama akaikunja pasipoti ndani ya leso kama hirizi.

Sasa wewe. Unaishi Mombasa, kwa hiyo unaomba Kenya, usikubali anayekwambia Uganda ni rahisi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari mpaka siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika 45, na karibu na likizo za Agosti miadi yenyewe huwa adimu kama maji Desemba. Tafuta nafasi mwezi huu wa pili au wa tatu. Huyo jamaa uliyesema anauza miadi na "kuhakikishia" viza, mkimbie! Hakuna anayeweza kukuhakikishia kitu ambacho si chake. Tiketi usilipe mpaka viza ikae kwenye pasipoti, peleka nafasi ya ndege iliyoshikiliwa tu, bila kulipiwa. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 kwenda juu, hiyo unanunua nusu saa. Pasipoti iwe na miezi mitatu ya uhai baada ya kurudi na kurasa mbili tupu.

Ada yako itakuwa euro 90, na duka lako ndilo utetezi wako. Leseni ya biashara ya kaunti, kodi unazolipa, mkataba wa pango, picha hata moja ya wewe nyuma ya meza ya vitenge vyako. Usijifiche nyuma ya mume. Wanajua ana hela, hawaulizi hilo. Wanauliza kama kuna kitu Mombasa kitakachokuita urudi, nawe unacho, kiandike.

Na hilo wazo la shemeji la kupita London mkawaone shangazi zake, lifikirini vizuri. Uingereza ni viza nyingine kabisa, fomu nyingine, hela nyingine. Mkienda London katikati ya likizo mkarudi Ureno, viza yako ya Ureno iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo utabaki uwanjani unawapungia watoto.

Karatasi zako zote, barua, mkataba, bima, tiketi ya kurudi, beba mkononi, usizitie kwenye begi kubwa. Nimejifunza Frankfurt, Ujerumani. Tulishukia pale tubadilishe ndege ya Palma, mji wa Mallorca, na ukaguzi wote wa kuingia unafanyika hapo, si Hispania. Kuna foleni mbili, ya wao na ya wengine. Mume wangu na binti yetu wakaelekea ya kwao, akanishika mkono nami nipite nao, maana kwa ile sheria naruhusiwa. Nilipogeuka Mama alikuwa amesimama peke yake kwenye foleni ndefu ya upande wa pili, mkoba kifuani, anasoma mabango asiyoyajua. Nikamwambia mume wangu tangulieni. Nikarudi kwa Mama. Saa nzima na robo tulisimama, na afisa alipomuuliza anakwenda kufanya nini, akatoa bahasha yake akampangia kila kitu kaunta kama sindano kwenye trei. Yule afisa alisoma barua ya mkwe mpaka mwisho, akamwambia akamsalimie. Tangu Oktoba mwaka jana wameanza kuacha kugonga mihuri, wanapiga picha na kuchukua vidole hapohapo mpakani, kwa hiyo mambo ya vidole yatamkuta tena akienda.

Sherehe nitakusimulia tukionana. Ila siku moja tulipanda treni ya zamani, behewa za mbao, kutoka Palma mpaka Sóller, na bonde lote lile ni michungwa. Mama alishuka kama mkaguzi. Akanunua chungwa moja sokoni, akalimenya kwa kisu chake, akala taratibu watu wote tukimngoja. "Rangi wametushinda," akasema, kwa sababu yetu hubaki kijani hata yakiiva. Akala kipande kingine. "Maji hayatoshi."

Wakwe wanakuja Muheza Pasaka hii. Viza zao waliomba kwenye simu, dola 50 kila mmoja, wakiwa wamekaa kwenye kochi lao. Nilipomwambia Mama akauliza kama na wao wameulizwa nini kitawarudisha kwao. Nikasema hapana. "Basi nitawauliza mimi," akasema, na ameshaanza kupaka chokaa chumba cha wageni.

Nitumie nakala ya barua yako kabla hujapeleka, Mama amesema ataisoma kwa kalamu nyekundu. Picha yake ya Sóller nakutumia leo usiku kwenye simu. Usimwambie nimekuonyesha, anasema kichwa kilikuwa hakijasukwa.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na mama yako mpe shikamoo yangu.

Somo wako