Muhtasari usomwe kabla watu hawajatawanyika

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako. Huku Mtwara na Lindi vikao ni vingi: vya chama cha msingi, vya kikoba, vya kamati ya maji. Ugomvi mara nyingi hauzuki siku ya kikao. Huzuka wiki tatu baadaye, katibu anapofungua daftari na kusoma "tulikubaliana", nusu ya wajumbe wakaguna.

Wapo watu walioliona tatizo hili zaidi ya miaka 300 iliyopita: Wakristo waitwao Marafiki, au Quaker. Si wageni pwani hii. Mwaka 1897 walianza kazi Pemba kuwasaidia watumwa walioachwa huru, kama Masasi ilivyoanzishwa na wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, mwaka 1876 kwa ajili ya watu wa namna hiyo hiyo. Mwaka 1902 walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Wengi wao huko huabudu kwa nyimbo na mahubiri, tofauti na wenzao wengi wa Uingereza wanaokaa kimya saa nzima. Tunachokiombea nafasi hapa ni namna yao ya kuendesha vikao, ambayo Mwislamu na Mkristo wanaweza kuitumia bila kugusa imani ya mtu.

Kikao hufunguliwa kwa kimya cha dakika chache. Karani, ambaye kwao ndiye huongoza kikao na kuandika muhtasari, hutaja hoja moja na taarifa zake zote. Anayetaka kusema husubiri aitwe, husimama, humwelekea karani wala si yule aliyempinga, kisha hukaa. Huachwa kitambo kidogo lile neno litue ndipo mwingine asimame. Kura haipigwi. Karani akishaona mkutano umeelekea wapi, huandika palepale, wote wakimsubiri. Husoma kwa sauti, panaporekebishwa husoma tena, mpaka mkutano uridhie. Hapo ndipo hoja ya pili inaitwa.

Kusoma kwa sauti ndiyo roho ya jambo lenyewe, maana wajumbe wetu wengine hawasomi, na akina mama waliokaa nyuma kabisa mkekani wasikie pia. Kinachosomwa kiwe kamili. "Kikundi kimekubali kutengeneza pampu" haitoshi. Iandikwe hivi: "Hoja ya 4. Tumekubali kutoa shilingi 180,000 kutengeneza pampu ya kisima. Mhazini atatoa fedha Jumatatu. Wajumbe wawili, waliotajwa hapa, wataleta risiti kikao kijacho." Hoja ya namna hii huchukua kama dakika tano kuandikwa, na dakika tano hizo ndizo watu huzionea uvivu.

Utaratibu huu una mahali pa kuharibikia. Karani mwenye msimamo wake ataandika anachokitaka. Marafiki humtaka akabidhi meza kwa msaidizi wake mpaka hoja ile iishe. Kwetu kuna jingine: mzee mwenye heshima akisema wa kwanza, vijana wote humfuata. Heri wazee waseme mwishoni. Na kimya cha woga kisihesabiwe kuwa ridhaa. Kabla ya kuandika, karani aulize, "Nani bado ana uzito?" na asubiri kweli. Mtu anaweza kujibu, "Sikubaliani, lakini siwazuii," na hoja ikapita. Uzito ukiwa wa wengi, huandikwa kwamba bado hatujapatana, na hoja hurudi kikao kijacho baada ya wachache kwenda kuzungumza na wanaopinga.

Hapo ndipo kasi hupotea. Hoja ya salfa, dawa ya mikorosho, haiwezi kusubiri vikao vitatu ilhali ugonjwa wa ubwiri unga umeshashika maua ya mikorosho. Kwa hiyo hoja zenye msimu ziletwe mapema, miezi kadhaa kabla, wakati kutopatana bado hakujawa hasara.

Vyama vya ushirika vina masharti yao ya kura, nayo yafuatwe. Kuandika na kusoma palepale hakugongani na kura: matokeo yaandikwe, yasomwe, ndipo mwenyekiti na katibu waweke sahihi watu wakiwa bado wamekaa. Vikundi vinavyoona ni vigumu vianze na hoja za fedha peke yake, kikao kimoja, daftari moja.

Wasomaji wako,
Mikindani, Mtwara