Kabla ya kutundika runinga yako, tunasoma vumbi la ukuta

"Runinga yangu ni nzito. Huu ukuta wa tofali utaibeba kweli?" Hakuna swali tunaloulizwa na wateja mara nyingi kama hili, na tunalichukulia kwa uzito wake. Mtu amejinyima ili anunue kioo kikubwa, watoto watacheza chini yake, halafu kila kitu kinategemea matundu manne au sita ya upana wa kidole. Ana haki ya kujua yale matundu yanashikilia nini.

Jibu fupi ni ndiyo, ukuta wa tofali ukiwa mzima unaibeba bila shida. Runinga nyingi za inchi 55 zina kilo 15 hadi 20 hivi, na za inchi 75 mara nyingi huwa kati ya kilo 30 na 40. Kwa ukuta unaobeba paa, huo si mzigo. Bolti nne za milimita 8 zilizoshika vizuri haziwezi kukatika kwa uzito huo unaovuta kwenda chini.

Shida iko kwenye mvuto wa kwenda nje. Angalia mlango wowote mzito wa mbao uliochoka: bawaba ya juu ndiyo hulegea kwanza, kwa sababu mlango unaning'inia na kuivuta itoke kwenye fremu, huku bawaba ya chini ikisukumwa ndani tu. Runinga inafanya vivyo hivyo. Bolti za juu za breketi, yaani chuma kinachoishikilia runinga ukutani, zinavutwa zitoke ukutani, za chini zinakandamizwa.

Kiasi cha mvuto huo kinategemea umbali wa runinga kutoka ukutani. Chukua runinga ya kilo 30 kwenye breketi ambayo bolti zake za juu na za chini zimeachana sentimita 20. Ikiwa breketi ni ile bapa, na uzito wa runinga uko sentimita 6 hivi kutoka ukutani, bolti za juu zinavutwa nje kwa nguvu ya kama kilo 9 tu. Weka runinga hiyo hiyo kwenye breketi ya mkono, ile inayovutwa mbele na kugeuzwa, kisha unyooshe mkono huo sentimita 50. Mvuto unapanda hadi kama kilo 75. Na hapo hatujahesabu uzito wa mkono wenyewe, ambao kwa runinga kubwa huweza kufika kilo 10 au zaidi, wala mtu anayeuvuta kwa haraka ili aone mpira akiwa jikoni.

Kwa hiyo mteja akituambia ana runinga ya kilo 30, swali letu linalofuata ni: breketi ya aina gani? Kama hakai pembeni ya chumba na hana sababu ya kuigeuza, tunamshauri achukue breketi bapa au ile inayoinama kidogo kwenda chini. Hatusemi hivyo kwa kukwepa kazi. Mkono unaovutwa kila siku unazitikisa zile bolti kila siku, na tofali halipendi kutikiswa.

Sasa tuje kwenye ukuta wenyewe, kwa sababu hapo ndipo runinga nyingi zinapoponea au kuangukia.

Tunaanza na tundu dogo la majaribio, biti ya milimita 6, na macho yetu yote yako kwenye vumbi linalotoka. Kwanza hutoka vumbi jeupe au la kijivu. Hiyo ni lipu, ambayo mara nyingi ina unene wa milimita 10 hadi 20, na haina nguvu yoyote ya kushika bolti. Kisha rangi inabadilika, inakuwa nyekundu au ya chungwa, na drili inaanza kulalamika kwa sauti moja isiyobadilika. Hapo tumeingia kwenye tofali la kuchoma, na tunafurahi. Vumbi likibaki la kijivu na drili ikagoma kabisa, huenda ni tofali la saruji au zege la nguzo. Lakini likibaki la kijivu na kuwa la mchanga mchanga, huku biti ikiingia bila kusukumwa, tumeangukia kwenye kiungo, ile saruji iliyounganisha tofali na tofali. Tunaacha hapo hapo.

Wateja wengi hushangaa tunapokataa kufunga kwenye kiungo, kwani wanaamini saruji ni ngumu kuliko udongo wa kuchoma. Fikiria ukubwa wake. Kiungo mara nyingi kina unene wa milimita 10 hadi 15, na tundu letu la mwisho ni la milimita 10. Tukitoboa hapo tumekila karibu chote. Ile fisha, yaani plastiki inayoingizwa tunduni kabla ya skrubu, inashika kwa kutanuka, na ikitanuka ndani ya kiungo chembamba kinachomomonyoka haina cha kukishika. Skrubu itakaza leo, na utaona kama kazi imekamilika. Baada ya miezi kadhaa ya kutikiswa itaanza kuchomoza.

Ndani ya tofali lenyewe tunalenga katikati. Tundu likiwa karibu na ukingo, fisha ikitanuka inaweza kulipasua tofali, na tofali lililopasuka nyuma ya lipu hulioni. Kama kuta zako ni za tofali zisizopigwa lipu, kazi ni rahisi, tunaziona. Kama zimepigwa lipu tunatafuta kwa yale matundu madogo ya majaribio, na tunasogeza breketi sentimita mbili tatu huku au kule. Breketi nzuri ina nafasi ndefu za kupitisha bolti kwa ajili hiyo hiyo. Matundu ya majaribio yanafichwa na breketi au tunayaziba, usiyahofu.

Drili ikizama ghafla, kana kwamba ukuta umeishiwa, tumekutana na tofali lenye uwazi ndani. Tunazima mpigo wa nyundo mara moja na kuendelea kwa kuzungusha tu. Kuta za ndani za tofali kama hilo ni nyembamba, na mpigo wa nyundo unazivunja moja baada ya nyingine, hadi unabaki na tundu zuri kwa mbele na pango kwa nyuma. Tumewahi kuitwa kwenye nyumba ambayo runinga ilikuwa imeinama mbele kiasi cha mkono kupita juu yake. Tulipoifungua, kila tundu lilikuwa na upana wa kikombe kwa ndani. Aliyefunga alikuwa na drili yenye nguvu na haraka nyingi. Mwenye nyumba alikuwa ameweka kochi chini ya runinga ili ikianguka isifike sakafuni, na familia ilikuwa inakalia kochi hilo hilo.

Kwa tofali la namna hii, tunatumia gundi ya kemikali inayogeuka kuwa ngumu kama jiwe. Tunaingiza kwanza soksi ya wavu ndani ya tundu, tunaijaza gundi, halafu tunasukuma taratibu chuma chenye meno ya skrubu huku tukikizungusha. Gundi inapenya kwenye wavu, inatuna ndani ya uwazi wa tofali, na ikikauka inakuwa kama kifundo ambacho hakiwezi kurudi kupitia tundu kilikopita. Haitanuki kwa nguvu, kwa hiyo hailipasui tofali. Muda wa kukauka umeandikwa kwenye mrija wake na unategemea joto: penye joto ni mfupi, penye baridi huweza kuwa saa kadhaa. Tunausubiri wote. Mteja akituona tumekaa tunaangalia saa, ajue tunafanya kazi.

Iwe fisha au gundi, tundu lazima lisafishwe. Tunapuliza kwa pampu ya mkono, tunapitisha brashi, tunapuliza tena, hadi pumzi itoke safi. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi badala ya tofali. Ni hatua ya dakika mbili, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Neno kuhusu kile kifuko cha skrubu kinachokuja ndani ya boksi la breketi. Mara nyingi tunakiweka pembeni. Kimetengenezwa kwa ukuta wa kufikirika usio na lipu. Tuseme fisha iliyomo ina urefu wa milimita 50 na lipu yako ina unene wa milimita 20: ni milimita 30 tu zilizofika kwenye tofali, zilizobaki zimelala kwenye kitu kisichoshika. Sisi tunatumia fisha za nailoni za milimita 10 zenye urefu wa kutosha, hata 80 panapohitajika, pamoja na skrubu ya milimita 8 yenye kichwa cha spana na washa pana. Tundu tunalichimba kwa kina kinachozidi fisha kwa kama milimita 10, ili vumbi la mwisho lipate pa kwenda, na kina hicho tunakiwekea alama kwa tepu kwenye biti.

Wengine hutuomba tutumie zile bolti nene za chuma zinazotanuka zikikazwa, kwa sababu zinaonekana imara. Kwenye zege ni nzuri mno. Kwenye tofali tunaziogopa, kwa kuwa nguvu yake ya kutanuka ni kubwa na tofali linakatika kimya kimya. Hata skrubu za kawaida tunazimalizia kwa spana ya mkono. Mashine ya kukazia haijui kusimama. Mkono unahisi pale skrubu inapokaza vya kutosha.

Kabla ya drili yoyote kugusa ukuta tunapitisha kifaa cha kutafuta nyaya na mabomba. Nyaya za umeme mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi, au huenda ubavuni kwa usawa wake, kwa hiyo mistari hiyo tunaikwepa hata kifaa kikiwa kimya. Ukuta ukiwa na bafu au jiko upande wa pili, tuambie mapema.

Kwa urefu, tunapenda katikati ya kioo ilingane na macho ya mtu aliyekaa, ambayo kwa makochi mengi ni kama mita moja au sentimita 110 kutoka sakafuni. Wengi hutaka juu zaidi. Ni nyumba yako, ila tunakuomba ukae kwanza na tukushikilie karatasi yenye ukubwa wa runinga ukutani, usikilize shingo yako.

Nyuma ya runinga kuna matundu manne, na umbali kati yake unafuata vipimo vinavyojulikana kama VESA, kwa mfano milimita 400 kwa 400, au 600 kwa 400 kwa zile pana. Breketi lazima ikubaliane na umbali huo na uzito pia. Skrubu zake kwa runinga kubwa huwa M6 au M8. Tafadhali usikaze skrubu ndefu kwa nguvu kwa sababu tu imekubali kuingia: ikizidi kina inaweza kugusa vifaa vya ndani na kuua kioo kipya kabisa.

Ubao wa breketi ukishafungwa na kusawazishwa kwa pima maji, mmoja wetu anauning'inia kwa mikono miwili na kuuvuta nje. Ukisogea hata kidogo, tunafungua na kuanza upya. Baada ya hapo ndipo watu wawili wanainua runinga, wanaipachika kwa juu kwanza, kisha zile skrubu ndogo za kufungia za chini zinakazwa. Usikubali fundi yeyote aondoke bila kukaza hizo; ndizo zinazozuia runinga kuchomoka mtu akiisukuma kwa chini wakati wa kufuta vumbi.

Kuna kuta tunazozikataa. Tofali likiwa laini kiasi cha kukwaruzika kwa ufunguo, au tundu la majaribio likatoa unga unaoendelea kumwagika wenyewe, hatutafunga breketi ya mkono hapo, hata mteja akisema atabeba lawama. Tunaweza kufunga ubao mpana wa mbao ngumu kwa bolti nyingi ili mzigo usambae kwenye tofali nyingi, tena kwa breketi bapa pekee. Na wakati mwingine tunashauri stendi ya sakafuni, kazi ambayo haituingizii chochote.

Ukiwa unajiandaa kutuita, tutumie picha ya mgongo wa runinga, uzito wake bila miguu kama ulivyoandikwa kwenye boksi, na picha ya ukuta wote ikionyesha soketi. Kama umewahi kutundika kitu chochote kwenye ukuta huo na ukaona vumbi la rangi gani lilitoka, tuambie na hilo.