Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka nieleze chama kimefanya nini mwaka huu. Naomba nianze na jambo ambalo hatukulifanya kwa wakati: kuwaeleza kuhusu hatari ya asteroidi, yaani mawe yanayolizunguka Jua.

Tarehe 27 Desemba 2024, darubini ya ATLAS, mradi wa kusaka asteroidi, iliyoko Chile iliona asteroidi yenye upana wa mita 60 hivi, ambayo baadaye ilipewa jina 2024 YR4. Kufikia mwisho wa Januari, hesabu zilionyesha kwamba uwezekano wa kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032 umepita asilimia 1. Ikawekwa daraja la 3 katika kipimo cha Torino, kinachopima hatari ya asteroidi kuigonga Dunia kuanzia 0 hadi 10. Tarehe 18 Februari uwezekano ukafika asilimia 3.1, kiwango ambacho asteroidi ya ukubwa huo haikuwahi kupewa. Kabla ya mwezi kwisha, ukashuka hadi karibu na sifuri.

Katika wiki hizo wengi wenu mliniuliza swali moja: ikiwa wataalamu wanazidi kupima, mbona hatari nayo inazidi kupanda? Lilikuwa swali la msingi kabisa, na sisi viongozi tulikaa kimya tukingoja uhakika. Kimya chetu kikajazwa na jumbe za kutisha, na baadhi ya watoto wa wanachama wetu walikosa usingizi kwa sababu yake. Kosa hilo ni la kamati ya utendaji, na mimi ndiye wa kwanza kulibeba. Nawaomba radhi.

Jibu tulilopaswa kulitoa siku ya kwanza ni hili. Chukua shuka refu ulitandaze sakafuni, kisha weka sarafu moja juu yake. Shuka ni eneo lote ambamo asteroidi huenda ikapita siku ile. Sarafu ni Dunia. Kila kipimo kipya hukunja shuka kidogo kutoka kwenye ncha zake. Sarafu haijaongezeka ukubwa, lakini sehemu ya shuka inayoikalia inazidi kuwa kubwa, na ndiyo maana asilimia hupanda. Siku mkunjo utakapoipita sarafu, ikabaki nje ya shuka, uwezekano huanguka ghafla. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwezi Februari, na ndivyo itakavyokuwa mara nyingi katika miaka ijayo, kwa sababu darubini mpya zitagundua asteroidi nyingi zaidi. Kufikia Juni 2025 Mwezi, ule wa angani, ulikuwa haujatoka kwenye shuka hilo: uwezekano wa 2024 YR4 kuugonga ulikuwa takriban asilimia 4.

Wapo walioniambia kwamba jiwe la mita 60 si la kutuhangaisha. Sikubaliani nao. Tarehe 30 Juni 1908, jiwe la ukubwa unaokaribiana na huo lililipuka angani huko Tunguska, Siberia, likalaza msitu wa zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Asteroidi zenye upana wa zaidi ya kilomita 1 zimeshajulikana kwa zaidi ya asilimia 95. Zile za kuanzia mita 140 zinakadiriwa kufika 25,000, na hata nusu yake hazijapatikana. Chini ya hapo, giza ni kubwa zaidi.

Jiwe la Chelyabinsk, Urusi, lililolipuka tarehe 15 Februari 2013, lilikuwa na upana wa mita 20 hivi. Lilitokea upande wa Jua, kwa hiyo hakuna darubini iliyoliona. Watu wapatao 1,500 waliumia, wengi wao kwa vioo: waliona mwanga mkali, wakakimbilia madirishani kutazama, na wimbi la mshindo likawafikia wakiwa hapo hapo. Tafadhali wafundisheni wa nyumbani kwenu: ukiona mmweko mkubwa angani, kaa mbali na dirisha kwa dakika kadhaa. Ili kuziona zinazojificha upande huo, NASA, shirika la anga la Marekani, inatengeneza darubini ya anga ya NEO Surveyor, inayopangwa kurushwa mwaka 2027.

Kuhusu kuzuia, habari ni njema. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha DART cha NASA kiliigonga kwa makusudi asteroidi ya Dimorphos, yenye upana wa mita 160 hivi, kwa kasi ya kilomita 6 kwa sekunde, na muda wake wa kuizunguka Didymos, asteroidi kubwa zaidi, ukapungua kwa zaidi ya dakika 30. Mwendo wa Dimorphos ulibadilika kwa milimita 2.7 tu kwa sekunde. Zidisheni wenyewe: kwa mwaka mmoja ni kilomita 85, kwa miaka 10 ni 850, ingawa mwendo wa jiwe kulizunguka Jua unaweza kuikuza tofauti hiyo mara kadhaa. Jiwe linaloelekea katikati ya Dunia lazima lisogezwe zaidi ya nusukipenyo chake, yaani kilomita 6,371. Ndiyo maana sichoki kusema kwamba kinga yetu ni miaka. Jiwe lililogunduliwa miaka 20 kabla husukumwa kidogo likapita. Lililogunduliwa wiki moja kabla hutuachia kazi ya kuwahamisha watu tu.

Fedha zitaelezwa na mweka hazina, hesabu zimekaguliwa.

Tarehe 13 Aprili 2029 asteroidi ya Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, itapita kilomita 32,000 hivi juu ya Dunia, karibu zaidi ya satelaiti za mawasiliano zilizo kilomita 36,000 hivi juu. Watu wa Afrika, Ulaya na magharibi mwa Asia wataiona bila darubini. Haitatugonga, vipimo vya mwaka 2021 vimeondoa hatari yake kwa miaka 100. Hata hivyo uvumi utakuwa mkubwa, na safari hii hatutangoja. Naomba mkutano uidhinishe kamati ya maelezo ya watu watano, itakayotoa taarifa ndani ya siku moja kila asteroidi inapopewa daraja la 1 au zaidi. Majina ya wanaojitolea yatapokelewa na katibu kabla ya kikao kufungwa.

Mwenyekiti