Kilomita moja, saa tatu: kwa nini Kilkenny hatuitembei mbiombio

"Kaka, kwa kweli tumepigwa." Ujumbe huo uliingia Jumapili usiku kwenye simu yangu, mimi ninayetembeza wageni mjini Kilkenny, Ireland, kutoka kwa dada mmoja aliyekuja na mumewe na watoto wawili kutoka Birmingham. Alikuwa amefika hotelini, akafungua ramani kwenye simu na kupima kutoka kanisa kuu la Mtakatifu Canice mpaka kasri: kilomita moja na ushee. Mimi niliwatembeza kwa muda wa saa tatu na kuwatoza euro 25 kila mtu mzima. Kwa hesabu yake, nimewauzia barabara ya umma.

Dada huyo si wa kwanza, ndiyo maana najibu hapa hapa ili nikiulizwa tena nitume tu kiungo.

Barabara ni ya bure, sibishi. Wenyeji wameipa jina, Medieval Mile (Maili ya Zama za Kati), mabango yapo, na ukitaka unaweza kuimaliza yote aiskrimu yako haijayeyuka. Nimeshawaona wengi wa namna hiyo. Hushuka kwenye basi la siku moja kutoka Dublin, dereva anawapa saa moja na nusu, wanakimbilia kasri, wanapiga picha, wanakunywa chai, basi linaondoka. Baba mmoja wa Arusha alifanya hivyo, na mwezi uliofuata akanipigia kunikodi. Nauli mbili, siku mbili za likizo, kwa mji ambao angeumaliza vizuri kwa mkupuo mmoja.

Na hapo ndipo ilipo njia ya mkato inayowaponza wengi: "Mwalimu, tupeleke kasri tu, hayo mengine tutayaona kwa nje." Kama shida yako ni zama za kati, umechagua pabaya pa kuanzia. Nje sawa. Kasri la mawe lilijengwa na William Marshal mwanzoni mwa karne ya 13, na katika minara minne ya pembeni mitatu bado imesimama. Upande mmoja uko wazi, unatazama bustani. Ukuta wake uliumia vibaya Cromwell, jenerali wa Kiingereza, alipouzingira mji mwaka 1650. Lakini ukiingia ndani unakutana na mazulia, makochi na picha za ukutani, kwa sababu familia ya Butler, walioinunua nyumba hiyo mwaka 1391, waliikarabati sana katika karne ya 19, na vyumba vingi vinaonyeshwa kama vilivyokuwa wakati huo. Ni pazuri, ila mama mmoja aliniuliza katikati ya sebule, "Sasa hizo zama za kati ziko wapi?" Ziko nyuma yako, mama, tulizipita kwa sababu ulikuwa na haraka. (Akina Butler waliwauzia watu wa Kilkenny kasri hilo mwaka 1967 kwa pauni 50. Kila nikisema hivyo kuna mtu anauliza kama kuna jingine.)

Mimi naanzia upande wa pili, juu kwa Canice. Mtaa ule unaitwa Irishtown mpaka leo. Zamani ilikuwa miji miwili: huku mji wa askofu, kule mji wa walowezi wa Kiingereza, katikati kijito cha Bregagh. Ukivuka kidaraja chake leo hutambui, magari yanapita tu. Mimi hapo nasimama dakika kumi, na ndizo dakika alizozilalamikia dada wa Birmingham. Nawaeleza sheria zilizopitishwa na bunge lililokaa hapa Kilkenny mwaka 1366: mlowezi asioe Mwairishi, asiongee Kiairishi, asicheze mchezo wao wa magongo, bali ashike upinde. Mzee mmoja wa Murang'a alinikatiza palepale. Akasema shuleni kwao alivishwa kipande cha mbao shingoni kwa kuongea Kikuyu. Kundi zima likasahau baridi, kila mtu ana hadithi yake ya shule. Ulitaka niwakatize niangalie saa? Na huo mchezo uliopigwa marufuku, hurling, kaunti ya Kilkenny ndiyo imeuchukulia ubingwa wa Ireland mara nyingi kuliko kaunti yoyote.

Pembeni ya kanisa kuna mnara wa mviringo, mita 30 hivi, mkongwe kuliko kanisa lenyewe. Unapandwa kwa ngazi za mbao, kisha kijingazi chembamba cha mawe unachopita kwa ubavu. Kuna dada alikuja na viatu vya kisigino kwa ajili ya picha, akaniambia amezoea. Alifika ghorofa ya pili, akashuka kinyumenyume analia, tukapoteza nusu saa kumtafutia raba za bei mbaya mjini. Nikituma ujumbe wa viatu siku moja kabla, tafadhali usome.

Ndani ya kanisa nawaonyesha kaburi la Piers Butler, mmoja wa wale akina Butler wa kasri, na mkewe Margaret, wamechongwa wamelala ubavu kwa ubavu, mume akiwa na mavazi yake ya vita. Jiwe jeusi. Inama usogeze macho: jiwe hili la Kilkenny lina vijialama vyeupe, ni masalia ya viumbe wa bahari ya kale, na likilowa maji ndipo yanajitokeza zaidi. Watoto wa yule dada walikaa hapo kuliko mahali pengine popote, wakihesabu. Ramani haikuambii uiname.

Halafu tazama juu. Mwaka 1324 Askofu Richard de Ledrede alimshtaki Alice Kyteler, mama tajiri wa mjini aliyekwisha olewa mara nne, kwa uchawi. Alice alitoroka. Kijakazi wake, Petronilla wa Meath, hakuwa na pa kukimbilia. Alichapwa viboko, kisha akachomwa moto hadharani tarehe 3 Novemba mwaka huohuo. Mtoto wa Alice, William Outlaw, alitubu kwa kulipia paa la madini ya risasi la kanisa hili. Mwaka 1332 mnara wa kengele ukaporomoka, na wengi wanalilaumu hilo paa zito. Sasa, watu wakifika baa inayobeba jina la Kyteler, kule chini mtaa wa St Kieran's, wanapiga picha na sanamu ya mchawi na kucheka. Ukianzia kwangu juu, ukifika pale hucheki sana.

Njiani tunapita lango pekee la ukuta wa mji lililobaki, Black Freren, na nyumba ya mfanyabiashara John Rothe, iliyoanza kujengwa 1594, nyumba tatu zilizofuatana na nyua katikati. Nyuma ya mtaa huo kuna magofu ya nyumba ya watawa wa Kifransisko, yaliyokaa miaka mingi ndani ya kiwanda cha bia. Hapo aliishi mtawa John Clyn, aliyeandika habari za tauni ya 1348 wakati wenzake wakifa. Mwishoni aliacha kurasa tupu za ngozi, endapo atabaki mtu wa ukoo wa Adamu wa kuendeleza kazi. Mkono mwingine ukaongeza kwamba yaonekana mwandishi alifia hapo. Sijui namna ya kulisimulia hilo kwa dakika mbili, na sitaki kujifunza.

Kuhusu pesa. Viingilio vya kasri, mnara na makumbusho havimo kwenye euro 25. Nimeandika hivyo kwenye ujumbe wa kwanza, kwa herufi nene, na bado kila wiki mtu ananikodolea macho dirishani pa tiketi. Siwezi kuvijumuisha kwa sababu nusu ya wateja hawapandi mnara, na siku za hali mbaya ya hewa mnara hufungwa. Kuna anayetembeza watu 40 kwa kipaza sauti kwa euro 10. Mimi mwisho 8, kwa sababu Butter Slip, kile kichochoro walichokuwa wakiuzia siagi, kundi la 40 likiingia wa nyuma hasikii kitu.

Dada wa Birmingham nimemwambia aje tena, mnara nitamlipia mimi. Amejibu kwa kidole gumba tu.

Jumamosi zimebaki nafasi mbili. Tunaanza saa nne asubuhi, na tunakutana juu kwenye ngazi za Canice. Ukinisubiri langoni mwa kasri utanikosa.